Filimbi ya Timu ya Wasichana

Watu wakiniuliza nilianzaje kufundisha michezo, hutarajia niseme nilikuwa na kipaji. Kipaji gani! Nilianza kwa hasira. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi na mkunga akashindwa kuzikunjua. Siwezi kuapa kwamba ni kweli, lakini nilipoingia chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ngumi zilikuwa bado zimekunjwa.

Chuo chetu kilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya mji wa Kisii. Wavulana walikuwa na uwanja. Sisi wasichana tulikuwa na kilichobaki cha uwanja, kona ya chini karibu na jikoni, palipokuwa pakipita maji ya kuoshea masufuria. Mvua ya saa tisa ikishanyesha, na kwetu mvua ya saa tisa haijui likizo, pale palikuwa tope tupu. Tulicheza netiboli humo na kukimbia humo. Mpira wa wavulana ukija kwetu, tuliurudisha mbio. Wa kwetu ukienda kwao, tuliufuata wenyewe huku wakitupigia miluzi.

Hilo ningelivumilia. Lililonichoma roho ni filimbi. Kila timu ilikuwa na kocha, kila kocha alikuwa na filimbi, na makocha wote, wa wavulana na wa wasichana, walikuwa wanaume. Kamati ya michezo ilikuwa na wakufunzi watano na mwanafunzi mmoja, wanaume watupu. Mimi nilikuwa kapteni wa wasichana. Kazi yangu mbele ya kamati ilikuwa kubisha hodi, kusimama mlangoni, kusema wasichana wanaomba nini, kisha kuondoka kabla hawajaanza kujadili. Ndani sikukaribishwa hata siku moja.

Kocha wetu alikuwa mkufunzi wa useremala, mtu wa makamo, mzaliwa wa kilima kile kile. Nisimsingizie, alikuwa mtu mwema. Kijiti cha mbio za kupokezana alikichonga kwa mikono yake, akakipiga msasa hadi kikawa laini kama mwiko uliokwisha songa ugali miaka kumi. Lakini mbio, hapana. Alitufundisha kupokea kijiti kama mtu anayepokea barua posta: simama, geuka, tazama, pokea, ndipo uanze kukimbia. Timu nyingine zikawa zimekwisha fika sisi tukiwa bado tunapokea barua.

Mimi nilijua njia nyingine, na sikuisomea popote. Kwetu ni upande wa Nyamache, na baba alikuwa na shamba la chai mteremkoni. Lori la kununua majani lilikuja kituoni saa yoyote lilipojisikia, na likija halisubiri mtu. Ukilikosa, majani yako yanalala, yananyauka, na kesho hakuna anayeyataka. Kwa hiyo tukisikia tu lori likinguruma ng'ambo ya bonde, mimi na dada zangu wawili tuligawana mlima. Mmoja alitoa kikapu shambani hadi kijitoni, wa pili kijitoni hadi kanisani, wa tatu kanisani hadi kituoni. Kikapu hakikuguswa na ardhi. Anayepokea alikuwa amekwisha anza kwenda, mkono mmoja nyuma, hatazami. Alisikia pumzi za mwenzake, kisha akasikia kamba ya kikapu kiganjani, na hapo akachomoka. Ukigeuka kutazama ulipigwa kofi jioni, maana kugeuka ndiko kulikotukosesha lori.

Nikamweleza kocha. Alikuna kidevu, akasema, "Jaribuni tuone." Tukajaribu. Siku ya kwanza kijiti kilianguka mara nne, siku ya pili mara moja, siku ya tatu hakikuanguka. Tangu hapo mimi ndiye niliyefundisha, yeye akasimama kando na filimbi yake. Nikitaka wasichana waanze, ninamtazama, naye anapuliza. Nikitaka wasimame, ninamtazama tena. Nilikuwa kama fundi anayepaswa kuazima nyundo kwa kila msumari.

Siku moja nikachoka. Nikaenda mlangoni mwa kamati nikasema, "Naomba filimbi ya wasichana nishike mimi."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkufunzi wa hesabu, bwana mmoja mpana mwenye suti ya kahawia. Aliweka kalamu chini taratibu. "Binti," akasema, "tangu lini kuku jike akawika?"

Walicheka wote. Hata yule mwanafunzi mwenzangu, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimfanyia hesabu za mazoezi, alicheka mpaka akakohoa. Nilienda chooni nikalia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nikajiapiza: filimbi ile nitaipuliza, na siku hiyo watanisikia hadi Suneka.

Basi ikaja likizo ya Pasaka. Katika timu yetu ya mbio za kupokezana alikuwamo msichana mmoja mrefu kutoka upande wa Nyamira, ambaye ndiye aliyemalizia. Akikimbia, ungedhani ameambiwa nyumba yao inaungua. Tukiwa mita kumi nyuma, yeye alizimeza. Bila yeye, tusingeenda Kisumu kwenye mashindano ya vyuo kufanya lolote ila kupunga mkono.

Alirudi kutoka likizo akicheka peke yake. Tukambana bwenini hadi akasema: ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha ingia kwao. Mchumba wake alikuwa mwalimu, kijana mpole, na tulimshangilia kwa vigelegele hadi mlezi wa bweni akagonga mlango. Mimi mwenyewe nilirukaruka kitandani. Katika kelele zile sikufikiri hata kidogo kuuliza kijana huyo ni wa nyumba gani.

Alikuwa mtoto wa kaka yake kocha.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, na ni heshima, na ni ukuta. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono, hawakai penye nafasi ndogo pamoja, na Mungu apishe mbali, mzee hatazami miguu ya mkwe wake. Na mtoto wa kaka yako ni mtoto wako. Mara ng'ombe walipovuka kizingiti, kocha wetu akawa baba mkwe, na mkimbiaji wetu, mwenye bukta inayoishia juu ya magoti, akawa mkwe wake.

Siku ya kwanza ya mazoezi kocha alitokea upande wa karakana, akamwona. Yeye naye akamwona. Lo! Msichana alijitupa nyuma ya mgomba, kocha akageuka kama askari na kuukabili ukuta wa jikoni. Kisha sauti ikatoka ukutani: "Endeleeni. Mimi nitakuwa nasikiliza."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki nzima. Kocha anatazama ukuta na filimbi mdomoni, ananisubiri nimpigie kelele "Sasa!" ndipo apulize. Msichana naye akaanza kuja amejifunga leso hadi vifundoni, akijikwaa kila hatua ya tatu. Mpishi alitoka nje na mwiko wake akauliza kama tunafundishwa mbio au tunafanya maigizo. Nilicheka, nisiseme uongo. Lakini usiku sikupata usingizi, kwa kuwa Kisumu ilikuwa imebaki majuma matatu.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kikitiririka hadi sisi tunaona haya kufungua vinywa. Siku moja alipita akakuta kocha anaongea na ukuta. "Ala!" akasema. Akaelezwa. Akasema yeye haingilii mila za watu, ila kanuni ya mashindano ni kanuni: timu isiyokuwa na kocha uwanjani haikimbii. Kamati ikae, impate mtu mwingine, la sivyo wasichana watabaki nyumbani.

Kamati ikakaa, na mkuu mwenyewe akaja akaketi kando. Mimi niliitwa, nikasimama mahali pangu mlangoni.

Hapo sasa ndipo nilipoona kwa macho yangu watu wazima wakinaswa na mtego wao wenyewe. Miaka iliyopita kamati hiyo hiyo ilikuwa imepitisha kwamba mwanamume atakayefundisha wasichana atoke ndani ya kamati, na awe mzee wa hapa hapa, mtu anayejulikana nyumba yake, ili wazazi walale usingizi. Vizuri. Lakini chuo kilijengwa kwenye ardhi ya ukoo mmoja, na wazee wa hapa hapa walikuwa ni wa ukoo huo huo, ukoo wa kocha na wa yule mchumba.

"Mkufunzi wa kilimo," akasema mwenyekiti.

"Mimi?" akashtuka mkufunzi wa kilimo. "Yule kijana ananiita baba! Nitaitazamaje bukta ya mkwe wangu?"

"Mkufunzi wa dini."

Huyo alikuwa Msabato. "Mashindano ni siku gani?" akauliza. Jumamosi. Akafunga Biblia yake, na hilo likaisha.

Wa nne alikuwa mkufunzi kijana wa muziki, kapera, anayepaka mafuta nywele. Kabla jina lake halijatajwa kocha wetu alisema, "Huyo ukimpa, wazazi watapanda hapa na mapanga," na kijana mwenyewe akatikisa kichwa kukubali.

"Basi mwenyekiti mwenyewe," akasema mkuu wa chuo.

Mwenyekiti alikohoa. Akapangusa miwani. Naye alikuwa wa ukoo ule ule. Mchumba wa msichana alikuwa mtoto wa binamu yake. Mvua ikaanza juu ya mabati.

"Tumtoe huyo msichana," akasema yule mwanafunzi.

"Au tuitoe timu yote," akasema mwenyekiti, na nikaona amefarijika kupata njia. "Mwaka mwingine upo. Wasichana hawafi kwa kukosa Kisumu."

Damu ilinipanda. Najua nilivuka kizingiti, kwa sababu nilijikuta katikati ya chumba. "Mwaka mwingine upo kwenu," nikasema. "Sisi tunahitimu! Huyu msichana akishaolewa nani atamruhusu avae bukta tena? Ana siku moja tu ya kukimbia mbele ya watu, na nyinyi mnaitupa kwa kuwa hamtaki filimbi ishikwe na mwanamke!"

"Rudi mlangoni!" akafoka mwenyekiti. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Sikurudi. Haukuwa ujasiri. Nilitaka tu kulia na sikutaka walione hilo.

Ndipo kocha wetu akasimama. Alikuwa mtu asiyesema sana, akaanza kwa kujifuta vumbi la mbao ambalo halikuwepo. "Niseme ukweli," akasema. "Kupokezana kijiti bila kutazama, sikuwafundisha mimi. Ni huyu. Tangu mwaka jana ni huyu. Mimi nilikuwa napuliza tu, na wiki hii nimepulizia ukuta." Akavua kamba shingoni, akaishika filimbi kiganjani. "Kama mnatafuta kocha, mnaye, amesimama hapo anawachungulia."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa chuo akatabasamu kidogo, akasema kwa sauti yake ya pwani, "Mabwana, jogoo awike asiwike, kutakucha."

Waliamua kwa shingo upande. Nitaazimwa filimbi kwa siku za mazoezi na siku ya mashindano, basi. Kocha atasafiri nasi, ili karatasini jina liwe la mwanamume. Ikirudi timu, filimbi nayo irudi kamatini. Nilitia saini mahali fulani bila kusoma.

Tulienda Kisumu na lori la chuo. Kocha alikaa mbele na dereva, sisi nyuma tukiimba, hivyo ukuta wa ensoni ukawa ni bati la lori na kila mtu akapumua. Uwanjani kulikuwa na joto la kuchemsha yai. Nilipowapeleka wasichana wangu kwenye mstari, msimamizi mmoja mwenye kofia nyeupe alinizuia kwa mkono.

"Kocha wenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Nimesema kocha, dada. Si kapteni."

Siku nyingine ningebishana. Siku ile nilikuwa na jibu likining'inia kifuani. Niliipuliza filimbi karibu na sikio lake, akaruka nyuma, na wasichana wangu wanne, bila kungoja neno, wakaenda wakasimama mahali pao. Msimamizi alisugua sikio akinitazama. "Haya, kocha," akasema, na akaniandikia nafasi.

Wa kwanza alianza vibaya, maskini, aliteleza. Lakini wa pili alikuwa amekwisha anza kwenda, mkono nyuma, hatazami, kama dada yangu pale kijitoni. Kijiti kikaingia. Wa tatu naye, mkono nyuma. Timu nyingine zilikuwa zikigeuka, zikitazama, zikipokea barua zao, na kila zilipogeuka sisi tulikula mita mbili. Kijiti kilipomfikia yule mrefu wa Nyamira tulikuwa wa nne. Leso alikuwa ameitupa, sijui aliitupa wapi. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Alimpita mmoja, akampita wa pili, na wa kwanza akabaki mbele yake kwa urefu wa mkono tu.

Tulikuwa wa pili. Chuo chetu, kwa wasichana, kilikuwa hakijawahi kuwa wa chochote.

Niliwaacha wamekumbatiana nikakimbia hadi kwenye lori. Kocha alikuwa amesimama nyuma yake, uso umeelekea ukuta wa uwanja, kofia mikononi. Alikuwa amekuja safari yote ile, na hakuona hata hatua moja.

"Tumekuwa wa ngapi?" akauliza bila kugeuka.

"Wa pili, Mwalimu."

"Kijiti kilianguka?"

"Hakikuanguka."

"Niambie tangu mwanzo," akasema. "Usiruke kitu."

Nikamwambia. Kuteleza kwa wa kwanza, mkono wa wa pili, leso iliyotupwa. Nilipofika hapo alicheka, kisha nikaona mabega yake yakitikisika na si kwa kicheko. Nilimpenda sana mzee yule dakika ile, nasema wazi, kuliko nilivyowahi kumpenda mwalimu yeyote. Nikavua filimbi kumrudishia. Alitikisa kichwa. "Walisema irudi kamatini," akasema. "Mimi peke yangu si kamati."

Jumatatu nikaitwa. Walikuwa wote mezani, na safari hii mwenyekiti akasema, "Ingia." Aligonga meza kwa kidole. "Hongereni. Sasa, mali ya chuo. Weka hapa."

Nilikuwa nimejiandaa kuiweka kwa adabu, naapa. Lakini ile "weka hapa" iliniwasha. Nikaitia filimbi mdomoni nikaipuliza kwa pumzi zangu zote, hadi mpishi akatoka jikoni na wavulana uwanjani wakasimamisha mpira. Kisha nikaiweka mbele ya mwenyekiti, imelowa, uzi mrefu wa mate ukiwa bado unaning'inia.

"Hii hapa," nikasema. "Nani anaichukua?"

Waliitazama. Mkufunzi wa kilimo alitazama dari. Mkufunzi wa dini alitazama viatu vyake. Kapera wa muziki alinyoosha mkono, akaufikisha nusu ya meza, akaurudisha na kuufuta kwenye suruali. Kocha wangu alikuwa akitazama nje dirishani, na nikaona sikio lake likicheka.

"Ondoa hiyo kitu hapa," akasema mwenyekiti mwishowe.

"Niiondoe niipeleke wapi, Mwalimu?"

Mwenyekiti alikivuta kiti chake nyuma. Nadhani alikuwa amechoka, au labda alikuwa amehesabu, maana hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake, na akaona jibu haliwi jingine.

"Uwanjani, basi!" akafoka. "Kwani wasichana wako wanakungoja wapi?"

Nikapitisha kamba shingoni. Wasichana wangu walikuwa wananingoja kona ya chini, karibu na jikoni, na mvua ya saa tisa ilikuwa inaanza. Niliwapulizia wapande uwanja wa juu, kwa wavulana.